Nyumba Huanguka, Kiwanja Hubaki: Juu ya Kutafiti Historia ya Makazi ya Kale huko Sanje na Bonde la Kilombero



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana ndogo. Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kutafiti historia ya nyumba za kale na watu waliowahi kuishi ndani yake. Katika miji ya Ulaya kazi hii ina njia iliyokwisha kukanyagwa. Mtu hununua nyumba ya zamani, akaenda katika ofisi ya kumbukumbu, akasoma hati za mauziano, orodha za wapiga kura na ramani za mitaa, na baada ya miezi michache akapata majina ya waliolala katika chumba anacholala yeye. Huku kwetu pia njia hiyo ipo kwa sehemu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu, uliotiwa mwaka 2001, ina nyumba za mawe, hati za wakfu na koo zinazojua nani alimrithi nani.

Lakini tukiondoka pwani tukashuka Sanje, chini ya safu ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara itokayo Kidatu kwenda Mang'ula na Ifakara, tutafanya nini? Nyumba za huko, kwa sehemu kubwa ya historia yake, zilijengwa kwa miti, fito, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo ikitunzwa vizuri huweza kumfaa mwenyewe miaka ishirini au thelathini. Mchwa, mvua na mafuriko havimpi zaidi ya hapo. Mara nyingi mkazi ni mzee kuliko nyumba yake. Je, basi, mahali hapo hapana historia ya makazi?

Hoja yangu ni kwamba historia hiyo ipo, tena ni ndefu, ila mtafiti huikosa kwa sababu anauliza juu ya kitu kisichokuwa chenyewe. Nitajaribu kuonyesha kuwa lugha ya Kiswahili ina nyenzo za kumsahihisha mtafiti huyo; kisha nitaeleza mambo yaliyowahamisha watu wa Kilombero, aina za ushahidi tulizo nazo, na mwisho kwa nini kazi hii inahitaji uangalifu mkubwa. Si kazi ya kujifurahisha tu. Katika bonde lile, kusema nani alikaa wapi ni kugusa haki ya mtu.

2.0 Nyumba na nyumbani

Tuanze na sarufi, kwa kuwa wengi waliomo humu ni wanafunzi wa lugha. Nomino nyumba imo katika ngeli ya I/ZI: nyumba imeanguka, nyumba zimeanguka. Tukiongeza kiambishi -ni tunapata nyumbani, na hapo upatanisho wote hubadilika, tukaingia katika ngeli ya mahali: nyumbani pale, nyumbani kule, nyumbani mle. Wengi wetu tulifundishwa jambo hili kama kanuni ya mtihani. Kwa mwanahistoria lina uzito zaidi. Mswahili anaweza kusema bila kujipinga: "Nyumba yangu imeanguka, lakini nyumbani kwangu ni pale pale." Katika sentensi hiyo jengo limekwisha na mahali pamebaki.

Tofauti hii ina matokeo uwandani. Mtafiti akiingia uani akauliza, "Bibi, nyumba hii ilijengwa lini?" atajibiwa kwa haki kabisa, "Mwaka juzi, baada ya mvua." Ataandika katika daftari lake kwamba jengo ni jipya, kisha ataondoka. Akiuliza, "Bibi, hapa nyumbani palianza na nani?" anaweza kupata vizazi vitatu. Aliyebadilika si mhojiwa. Ngeli ya swali ndiyo iliyoamua ukubwa wa jibu.

Msamiati nao una mengi. Neno kaya leo hutumika katika sensa na takwimu kwa maana ya watu wanaokaa na kula pamoja. Lugha nyingi za mashariki ya Tanzania zina neno hilo au la jamaa yake kwa maana ya nyumbani. Kwa Wamijikenda wa Kenya, Kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu. Watu walikwisha kuyahama, lakini yakabaki kuwa mahali pa heshima, na misitu hiyo ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Neno moja limebeba watu waliopo na mahali walipoondoka. Tunayo pia maneno ya makazi yaliyoachwa, na hayana maana moja. Gofu ni jengo lililobaki kuta bila paa. Hame, kwa wingi mahame, ni mahali palipohamwa, hata kama hapana ukuta hata mmoja uliosimama; neno lenyewe linatokana na kuhama. Ganjo nalo huelekea huko huko. Magofu ni mali ya nchi ya mawe. Sanje ni nchi ya mahame, na anayetafuta magofu huko atarudi mikono mitupu.

Jambo la tatu ni matumizi ya kwa. Mahali hupewa jina la mtu: kwa Mzee Fulani, kwa Mama Fulani. Dar es Salaam tunao mfano unaojulikana na kila abiria wa daladala: Mtoni kwa Azizi Ali. Mkandarasi huyo alikwisha kufariki zamani, na wengi wanaolitaja jina lake kila siku hawajui alikuwa nani; hata hivyo jina linaendelea kushika mahali. Vijijini majina ya namna hii ni mengi sana, nayo hayamo katika ramani. Mtafiti anayekusanya majina ya kwa katika kitongoji kimoja anakusanya orodha ya wakazi wa zamani bila kufungua jalada lolote.

Fasihi yetu nayo haikungoja wataalamu wa majengo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huitazama miji ya Pate iliyoanguka na kuuliza walipo waliokaa katika majumba yake. Utenzi huo una lengo la kidini, la kuukumbusha moyo kwamba dunia haidumu. Lakini msingi wake ni swali hili hili letu: waliokuwa hapa ni nani, na wako wapi? Upande mwingine tuna Gede, karibu na Malindi, mji uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Pale kuta za mawe zimesimama, vyumba vinahesabika, choo na kisima vinaonekana. Lakini nyumba zake zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Mkasi. Majina ya wenyewe yamepotea. Basi mawe peke yake si dawa. Gede ina nyumba zisizo na watu. Sanje ina watu wanaokumbukwa wasio na nyumba. Sina hakika kwamba Sanje ndiyo maskini zaidi.

3.0 Bonde la kuhama

Anayetafuta historia ya makazi Kilombero ni lazima kwanza ajue mawimbi ya uhamaji yaliyopita juu yake, kwa kuwa kila wimbi liliacha mahame yake.

Katikati ya karne ya 19 Wambunga, watu wenye asili ya Kingoni, waliingia bondeni na kubadili mpangilio wa makazi na mamlaka. Wandamba walizoea maisha ya mtoni na mbugani, ambako mafuriko ya kila mwaka yaliwafanya watu wajenge juu ya nguzo au wawe na makao ya kiangazi na ya masika. Hapo tayari dhana ya nyumba moja ya kudumu inatikisika. Mtu mwenye makao mawili kwa mwaka hana nyumba ya kale, ana njia ya kale kati ya nyumba mbili.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vililifikia bonde. Tarehe 30 Agosti ya mwaka huo Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge. Jibu la Wajerumani, hapa kama kwingineko kusini, lilikuwa kuchoma nyumba na kuharibu vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1917, vita vya wakubwa wa Ulaya vilifika Mahenge vikiwa na wapagazi na njaa yake. Kwa hiyo anayeshangaa kwamba hapaonekani nyumba za karne ya 19 asianze na ubora wa udongo. Aanze na moto.

Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu kadhaa za kusini mashariki mwa Tanganyika kwa sababu ya malale, na mahame yao mengi yakaja kuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda na mashamba ya sukari vilianzishwa Kilombero, vikavuta vibarua kutoka mikoa mingi, na aina mpya ya makazi ikaingia: kambi ya wafanyakazi, ambamo chumba ni cha mwajiri na mkazi hutoka kazi ikiisha. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita chini ya Udzungwa. Katika miaka hiyo hiyo lilijengwa bwawa la umeme la Kidatu. Na tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekamilika kufikia mwisho wa mwaka 1976. Watu walihamishwa kutoka mashambani wakapangwa kandokando ya barabara na reli. Mwisho, mwaka 1992, msitu wa mlimani ulitangazwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye eneo la kilometa za mraba 1,990, na mipaka mipya ikawekwa kati ya kijiji na mlima.

Nimeyataja haya kwa haraka, lakini hesabu yake ni nzito. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa vijiji, mwaka 1974, leo amevuka 70. Yeye ndiye kijana wa mwisho aliyeoa au kuolewa katika makazi ya kabla ya amri ile. Nyaraka za Mahenge zinaweza kutungoja, yeye hawezi.

4.0 Aina za ushahidi

4.1 Kiwanja chenyewe

Ushahidi wa kwanza ni ardhi. Mahame huonekana kwa anayejua kutazama. Miembe mikubwa iliyosimama kwa mstari katikati ya mpunga au miwa haikujipanda. Mnazi mmoja, mkwaju, mstari wa mkonge uliokuwa ua, kichuguu kilichotokana na ukuta wa udongo ulioyeyuka, mawe matatu ya mafiga, vigae vya vyungu: kila kimoja ni herufi. Makaburi ni muhimu kuliko vyote, kwani katika jamii nyingi za eneo hili marehemu huzikwa karibu na makazi.

Hata hivyo tujihadhari. Mwembe hautoi tarehe kwa urahisi. Ukubwa wake hutegemea udongo na maji kuliko miaka. Tena mti unaweza kupandwa na mtu wa pili katika uwanja wa mtu wa kwanza. Kiwanja kinatuambia kuwa palikuwa na mtu. Hakitamki jina lake.

4.2 Simulizi

Jina hulitamka mdomo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mfano mzuri wa kuufuata. Mwaka 1968 wanafunzi wa wakati ule walikwenda katika sehemu za kusini na mashariki kukusanya simulizi za Maji Maji kutoka kwa wazee, kazi iliyosimamiwa na wanahistoria wakiwamo G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Wazee wale sasa hawapo. Maneno yao yapo kwa sababu vijana walikwenda kwa wakati.

Mtafiti wa makazi anapaswa kujua kalenda ya wasimulizi wake. Wachache watasema "mwaka 1972". Wengi watasema "wakati wa Wachina", "tulipohamia kijijini", "mwaka wa mafuriko", "kabla sijavunja ungo". Kalenda hii si hafifu. "Wakati wa Wachina" ni kipindi chenye mwanzo na mwisho vinavyojulikana, yaani miaka ya kujenga reli. Kazi yetu ni kuoanisha kalenda mbili, bila kumlazimisha bibi aseme tarakimu asiyoijua, kwani akilazimishwa ataitaja kwa adabu, na adabu yake itatupotosha.

Adabu hiyo inatuhusu na sisi. Shikamoo hutangulia daftari. Mzee haulizwi jina la marehemu mkewe mbele ya mke wa sasa. Na mwanamke ahojiwe peke yake inapowezekana, maana mara nyingi yeye ndiye aliyeikandika nyumba, akafagia ua na kuzaa humo. Mume atatueleza mpaka wa shamba. Mke atatueleza nani alilala chumba gani.

4.3 Nyaraka

Hapa tutaona jambo la ajabu kidogo. Nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuwa na hati, ziliandikwa sana, ila ziliandikwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba kwa agizo la mwaka 1897, na Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Karani aliyepita na daftari la kodi alikuwa, bila kujijua, mwandishi wa historia ya makazi. Wamisionari nao waliandika. Wabenedikti walianza kazi Mahenge mwanzoni mwa karne ya 20, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia nafasi yao ikashikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi. Vitabu vya ubatizo hutaja wazazi, wasimamizi na kijiji, na parokia nyingi za Kikatoliki ziliweka pia kitabu cha kuorodhesha waumini nyumba kwa nyumba. A.T. na G.M. Culwick walichapisha mwaka 1935 kitabu juu ya Wabena wa mtoni, chenye sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Na katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mtafiti wa Kilombero asitafute jina Kilombero peke yake. Atafute Mahenge, kisha Ulanga, kwa maana sehemu kubwa ya bonde ilitawaliwa kutoka huko.

Baada ya uhuru nyumba iliendelea kuwa kipimo. TANU ilipanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi, na balozi wa nyumba kumi akawa mtu anayejua nani kahamia na nani kaondoka. Tangu mwaka 1996 watafiti wa afya wa Ifakara wamekuwa wakizitembelea kaya za baadhi ya vijiji vya Kilombero na Ulanga kwa vipindi, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kumbukumbu hizo zimesaidia sana elimu ya malaria, lakini zilitolewa kwa siri ya kitabibu, na hakuna mwanahistoria mwenye haki ya kuzifungua ili kujua jirani alikaa na nani. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti, nchi nzima iliendesha zoezi la anwani za makazi, na majengo yakapewa namba. Sasa nyumba ya Sanje ina namba. Namba hiyo haimjui aliyekuwapo kabla ya mwenye nyumba wa leo.

5.0 Namna ushahidi unavyokutana

Tuchukue mfano wa kuwazia, usiomhusu mtu yeyote. Tuseme katika shamba moja la mpunga kuna miembe mitatu na kaburi moja. Bibi mmoja anasema: hapo ni kwa baba mkubwa, palikuwa na nyumba tatu, ya kwake na za wake zake wawili, sisi tuliondoka wakati wa Wachina, tukapelekwa barabarani. Mtafiti anakwenda katika nyaraka, akakuta daftari la kodi la miaka ya 1930 linalomtaja mtu wa jina hilo na nyumba moja tu. Nani mkweli?

Mwanafunzi wa haraka atasema karatasi ni kweli na bibi kasahau. Lakini tuulize daftari lile liliandikwa kwa ajili gani. Liliandikwa ili kutoza fedha kwa kila nyumba. Mahali pengi watu walisongamana katika nyumba moja kodi ilipokaribia, au waliita nyumba kibanda. Huenda karani aliona nyumba moja kwa sababu alionyeshwa moja. Au huenda wake walikuja baadaye, nyumba mbili zikaongezwa baada ya daftari. Kitabu cha ubatizo kikituonyesha watoto wa mama wawili tofauti, waliozaliwa mahali hapo katika miaka ile ile, dhana ya kwanza inapata nguvu; kisipoonyesha, tunabaki na dhana mbili, na ni wajibu wetu kuziandika zote mbili. Kila chanzo kina sababu yake ya kusema na sababu yake ya kunyamaza. Kosa la kimsingi ni kuamini kwamba maandishi hayana kinywa.

Sanje yenyewe inatupa funzo la aina hii. Mwaka 1979 wanasayansi Katherine Homewood na W.A. Rodgers walimtambua katika misitu ile kima ambaye sayansi haikuwa imemwandika, na leo dunia inamjua kwa jina la Sanje. Kwa wataalamu alikuwa mgeni. Kwa wenyeji alikuwa jirani mwenye jina. Kilichokosekana siku zote hakikuwa ujuzi, alikosekana wa kuuliza.

6.0 Kinachogombewa

Sasa nifike katika sehemu iliyo ngumu. Ardhi ya Kilombero inatakiwa na wengi: wakulima wa mpunga, wakulima wa miwa, wafugaji, mashamba makubwa, hifadhi. Mtafiti anayeandika "hapa palikuwa kwa Fulani" asidhani anaandika kwa ajili ya maktaba peke yake. Karatasi yake inaweza kupelekwa katika baraza la ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ina kifungu kinachohusu jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa katika vijiji kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na kuzizima haki zilizokuwapo kabla yake. Sababu yake inaeleweka: bila hivyo, kila aliyepewa kiwanja wakati wa operesheni angeweza kushtakiwa na aliyehamishwa, na vijiji vizima vingeingia mahakamani. Lakini maana yake kwa familia ya mfano wetu ni kwamba miembe ya baba mkubwa si hati. Ni kumbukumbu tu.

Kwa hiyo mtafiti ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, asimwahidi mtu kwamba historia itamrudishia shamba. Mzee akieleza kwa machozi mahali alipozaliwa, ni rahisi kumwacha aamini kuwa daftari letu lina nguvu ambayo halina. Pili, asiifanye sheria kuwa mpaka wa kumbukumbu. Sheria ilizima haki ya kumiliki. Haikuamuru watu wasahau. Kaburi bado ni kaburi, na tangu mwaka 1969 nchi ina sheria mahsusi juu ya kuhamisha makaburi, jambo linaloonyesha kuwa hata dola inatambua kwamba aliyezikwa ana jamaa.

Tena kuna upande wa pili wa kiwanja hicho hicho. Aliyepewa pale mwaka 1974 naye alitolewa mahali pengine kwa amri. Amelima miaka hamsini, amezika wazazi wake pale, watoto wake hawana kwao kwingine. Historia itakayoandika wa kwanza na kumfuta wa pili itakuwa imefanya operesheni ya pili. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa nyumbani pa watu wawili, kwa nyakati mbili, na ukweli wa mmoja usiwe uongo wa mwingine.

Zaidi ya ardhi kuna heshima ya watu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilipita katika nchi hizi, na baadhi ya walioishi katika kaya za kale hawakuingia kwa hiari yao. Mtafiti atasikia nani alikuwa wa ukoo na nani "alikuja". Si kila lisikikalo huandikwa pamoja na jina. Mjukuu wa aliyekuja leo ni mwenyekiti wa kitongoji, na hatukutumwa kumwondoa kitini.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba nyumba kuwa ya udongo si sababu ya makazi kukosa historia. Kinachotakiwa ni kuuliza juu ya nyumbani badala ya nyumba, kutafuta mahame badala ya magofu, kusoma nyaraka kwa kujua nia ya walioziandika, na kuoanisha kalenda ya serikali na kalenda ya wazee.

Ningependa kutoa pendekezo moja kwa idara zetu. Wanafunzi wa Kiswahili hupelekwa uwandani kukusanya methali, vitendawili na misamiati ya lahaja. Waongezewe kazi moja: kila mmoja akusanye majina ya kwa katika kitongoji anachotoka, pamoja na maneno machache ya mzee mmoja kwa kila jina, akiomba ruhusa na kuacha nakala kijijini. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala mitambo. Inahitaji muda, na muda ndio unaotupungukia, kwa sababu waliooana kabla ya vijiji wanazikwa kila mwaka.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nasi tukifika Sanje tukakuta hapana mlango, wala ukuta, wala paa, tusigeuke nyuma. Tupige hodi hapo hapo penye miembe. Yupo jirani atakayeitikia, na akitukaribisha tumwulize kwanza jina la aliyeipanda.